Watani Wakisimama, Simu Mfukoni

Mkienda siku ya mahafali kwenye shule niliyostaafia, njia ya kwenda Urambo, mtakuta kibao getini kimeandikwa kwa rangi ya bluu: "Mgeni karibu. Piga picha upendavyo. Watani wakisimama, simu mfukoni." Wageni wa mara ya kwanza hucheka. Mwaka jana mwalimu mmoja kijana, aliyepangiwa hapo akitokea chuoni, alinifuata hadi nyumbani kwangu Gongoni.

"Mama, shikamoo. Eti kile kibao ni sheria kweli au ni mapambo?"

Nikamwambia marahaba, kaa, kunywa chai, maana swali lako halijibiwi mtu akiwa amesimama.

Niliyomweleza yeye ndiyo ninayowaandikia nyinyi, walimu wapya, na nyinyi wanafunzi mnaodhani kila sheria ya simu imetungwa na wazee wenye wivu. Naitwa Mwalimu Mwanne. Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nilikuwa mwalimu wa nidhamu katika shule ya bweni ya wasichana, na kama mvi hizi zina baba, baba yao ni simu.

Kwanza niwagawie ufundi, usije ukafa nami. Simu ya mwanafunzi haitafutwi sandukuni. Nimezikuta ndani ya mkate uliochimbwa katikati, ndani ya pakiti ya pedi, ndani ya kamusi iliyokatwa tumbo hadi herufi M. Ukipekua masanduku utavuna jasho tu. Tafuta chaji. Simu inaweza kulala popote, lakini lazima ile umeme. Mwangalie binti ambaye ghafla anapenda kudeki ofisi ya walimu kuliko kulala mchana. Mwangalie anayepeleka sketi ileile kwa fundi cherehani nje ya geti kila wiki na sketi hairudi na mshono mpya. Hapo huna haja ya kupekua, unamwita, unamwuliza habari za nyumbani, unanyamaza. Wengi huileta wenyewe.

Siku moja tulikuwa tunakagua bweni, tukasikia jogoo anawika juu ya dari. Nikamwuliza kiranja, "Hilo ni nini?"

"Jogoo wa jirani, mwalimu."

"Jogoo wa jirani anafanya nini kwenye dari yetu?"

Akafikiri kidogo. "Amepotea njia, mwalimu."

Nilitoka nje nikacheka kwanza, halafu nikarudi na uso wa kazi. Mwalimu wa nidhamu asiyejua kucheka atakufa kwa presha, na anayecheka mbele yao naye amekwisha. Tafuteni ukuta wenu wa kuchekea.

Niliyempokea kazi alikuwa na nyundo. Simu ikikamatwa, Jumatatu inawekwa juu ya jiwe mbele ya mstari, inapondwa, shule nzima inatazama. Mtindo huo uliisha alipokuja Mkuu wa Shule mpya, Mwalimu Nyanzala. Mama mfupi, sauti ya chini, ukitaka kumsikia inabidi uache kelele zako. Alitazama kuponda kwa mara ya kwanza na ya mwisho, akatuita ofisini.

"Baba wa yule mtoto analima tumbaku," alisema. "Mmemvunjia msimu mzima hadharani. Sasa mkimwita kwenye kikao cha wazazi, mnategemea atakuja kwa miguu gani?"

Tangu hapo simu zikawa zinafungiwa kabatini kwake, na siku ya wazazi anamkabidhi mzazi mkononi, mtoto akiwa amesimama katikati yao. Hakuna kofi, hakuna hotuba. Nawaambieni, nyundo haikuwahi kuwatoa watoto machozi kama yale. Isipokuwa mara moja, mzee mmoja alipokuja na baiskeli kutoka Ulyankulu, akapokea simu ya binti yake, akaigeuza huku na huku, akapiga kelele: "Lakini hii ni yangu! Na mdogo wangu nimemnunia tangu Pasaka kwa ajili ya hii!" Akaomba radhi, akatoka nje mbio kumpigia mdogo wake. Hata Mkuu alishindwa, akajifunika uso na faili.

Sasa njooni kwenye kibao.

Mpishi wetu alikuwa Mzee Ndahani, Mgogo wa Dodoma aliyeletwa huku na reli ujanani, Tabora ikamng'ang'ania. Nyinyi wa leo mkisikia utani mnadhani ni masihara tu. Utani wa makabila una shina lake. Wanyamwezi walikuwa wapagazi, wakibeba mizigo ya watu kutoka huku hadi pwani, na njia ilipita Ugogo, ambako walidaiwa hongo, yaani ushuru wa kupita, kabla ya kuruhusiwa hata kuchota maji. Mkono mtupu haulambwi. Ugomvi ule ukazeeka, ukageuka udugu. Mnyamwezi na Mgogo wakikutana leo ni kutukanana, na haki hiyo hapewi mtu baki. Atakayekasirika ndiye mwenye kosa.

Nyamizi alikuja kidato cha kwanza kutoka kijiji kimoja ng'ambo ya Kaliua, amelelewa na bibi yake. Siku za mwanzo hakula. Alikaa mwisho wa bwalo, machozi yanadondokea kwenye ugali. Nikambembeleza mimi, akabembeleza matroni, wapi! Mzee Ndahani akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"We binti, kabila gani?"

"Mnyamwezi."

"Alaa! Punda wangu amefika na hakuna aliyenipa taarifa! Nani kakupa ruhusa ya kulia kwenye bwalo langu bila kulipa hongo?"

Mtoto akainua uso. Mtu aliyelelewa na bibi anaijua lugha hiyo. Akafuta kamasi, akasema, "Mgogo gani anajua kupika? Kwenu si mnakula vumbi?"

Mzee akarudi jikoni anacheka huku ameshika mbavu, akamletea ukoko. Siku ile Nyamizi alikula mpaka tukaogopa.

Kwa miaka minne ndiyo ikawa salamu yao. Sikuwahi kumsikia akimpa mzee yule shikamoo hata siku moja, na sikuwahi kumwona akimpita na mzigo wa kuni bila kumpokea. Mimi ni Mwislamu wa mjini, nimekulia kwenye adabu ya kumkunjia mkubwa goti, na mwanzoni masikio yaliniwasha. Baadaye nikagundua kwamba siku wasipotukanana, wote wawili wanakuwa wagonjwa.

Mwaka Nyamizi alipomaliza kidato cha nne ndio mwaka Mzee Ndahani aliostaafu, Mkuu akaamua sherehe iwe moja. Ilifana. Tulikuwa na tarumbeta, tulikuwa na kwaya ya waseminari wa Kipalapala, tulikuwa na keki iliyoanza kuyeyuka kabla ya risala. Mshereheshaji akamwita Mzee Ndahani kupokea zawadi yake, godoro na blanketi. Mzee anaelekea jukwaani na koti lake la harusi za watu, mara Nyamizi akaruka kutoka kwenye safu ya wahitimu na joho lake, akaziba njia.

"Unakwenda wapi, Mgogo? Leo uko Unyanyembe, kwetu. Hongo kwanza!"

Akamvua kofia, akaivaa yeye. "Miaka minne umetulisha maharage yenye mawe, tumbo langu limejaa kokoto. Godoro la nini? Nenda kwenu ukafe na njaa yako, ombaomba mkubwa we!"

Wazazi waliinuka vitini kwa kicheko. Mzee alipiga magoti, akapapasa mifuko, akatoa karanga, akazihesabu kwenye kiganja cha yule binti moja moja akilalamika kwamba punda siku hizi wanasoma hadi wanajua bei. Nyamizi akazitafuna palepale. Halafu akamshika mkono, akampandisha jukwaani, na alipofika juu akawa analia, anajifuta na joho. Katika mahafali yote niliyowahi kuhudhuria, sijaona mtu akiagwa kwa heshima kama ile.

Lakini kati ya wageni alikuwepo shangazi wa mwanafunzi mwingine, mtu wa Dar, mwenye simu kubwa. Hakuwa na nia mbaya. Alirekodi kipande cha kumfurahisha mdogo wake: binti anamvua mzee kofia, anamwambia akafe na njaa yake, basi. Karanga hazimo. Machozi hayamo. Mdogo mtu akakituma kwingine, kwingine wakakituma kwingine, na kufikia Jumatatu kilikuwa kimevalishwa maneno: "Hii ndiyo nidhamu ya shule zetu." Watu ambao hawajawahi kukanyaga Tabora wakawa wanamjadili mtoto wetu. Mmoja aliandika kwamba binti kama huyo achapwe mbele ya kanisa.

Kanuni zetu za simu zilikuwa kurasa mbili nzima, na hakuna hata moja iliyovunjwa. Zote zilimhusu mwanafunzi. Tulifunga mlango kwa makufuli matatu, dirisha tukaliacha wazi, maana nani angemkagua mgeni aliyealikwa? Hapo ndipo nilipojifunza kwamba sheria ya simu isiyomgusa mwenye simu ni kelele tu, na hapo ndipo kile kibao kilipozaliwa.

Bodi ya shule ikaitishwa Ijumaa, mtihani wa taifa ukianza Jumatatu yake. Pendekezo lililokuwa mezani ni kwamba Nyamizi asimamishwe, arudi kwao, mtihani aje kuufanya mwaka unaofuata kama mtahiniwa wa kujitegemea. Nyinyi mnajua maana yake. Msichana wa ng'ambo ya Kaliua akirudi kijijini kabla ya mtihani, huo mwaka unaofuata hauji. Bibi yake alikuwa ameuza mbuzi wake wa mwisho ili mjukuu aufanye mtihani ule, na katika ukoo wao hakuna aliyewahi kufika hapo.

Mwenyekiti wa bodi hakuwa mtu mbaya. Siku ya mahafali alicheka hadi miwani ikadondoka. Alikuja ofisini kwa Mkuu kabla ya kikao, amechoka, simu yake inaita bila kukoma.

"Mwalimu, mimi najua ni utani," alisema. "Mimi nacheka. Lakini hawa wanaonipigia hawacheki. Nipe kitu cha kuwajibu. Huyo mzee mwenyewe aseme hakutukanwa, nami nitasimama."

Shida ni kwamba mzee hakuwepo. Alikwishapanda treni na godoro lake kurudi kijijini kwao Dodoma, na kitochi chake kilikuwa hakipatikani. Mkuu alimpata mpwa wake, kijana anayeuza vocha mjini Dodoma, akamsihi. Kijana akasema kule kwa mjomba mtandao unashikwa juu ya jabali moja tu, na mjomba anaumwa magoti. Mkuu akamjibu kwa ile sauti yake ya chini, "Mwanangu, basi mbebe."

Wakati wote huo Nyamizi alikuwa anasoma. Wenzake walimtenga kidogo, si kwa ubaya, kwa woga. Alhamisi alinifuata nyuma ya maabara.

"Mwalimu, eti Babu Ndahani ameiona ile video?"

"Sijui, mwanangu."

"Mimi nimeonyeshwa na matroni. Ndani ya ile video naonekana mbaya kweli, mwalimu. Nikaanza kujiuliza, au na yeye aliumia akanificha?"

Kilichoniuma si mtihani. Watu wasiomjua walikuwa wamemtia shaka juu ya jambo alilokuwa na uhakika nalo kuliko hesabu. Nilimpa kitambaa changu, nikamwambia akasome.

Ijumaa tukaingia kikaoni, Nyamizi tukamwacha kwenye benchi nje. Kanuni ya bodi ni simu zote kuzimwa. Mkuu akaiweka yake katikati ya meza, ikiwa wazi.

"Mwenyekiti, naomba ruhusa. Hii naiacha."

Wajumbe wakatazamana, kwa sababu yule mama katika kanuni za simu alikuwa chuma. Mwenyekiti akakubali. Wakaanza kuzungumza. Heshima ya shule, maadili, simu zinazotoka juu. Mjumbe mmoja akasema lazima mtu awe mfano. Mkuu akamsikiliza mpaka mwisho.

"Sawa," akasema. "Lakini tukumbuke jambo moja. Kati ya watu wote waliohusika na hii video, aliyeirekodi, walioisambaza, na sisi tulioitazama mara tatu tatu, huyu mtoto ndiye peke yake asiye na simu."

Mimi nilikuwa mwandishi wa kikao, nilitamani kupiga makofi. Wanangu, niliwahi kufanya kazi chini ya wakuu waliokuwa wakisubiri kuona upepo unavuma wapi ndipo wawe na msimamo. Mwanamke yule alisimama akiwa hana jibu mkononi, hajui kama mpwa amefika jabalini, na kiti chake mwenyewe kilikuwa kinatikisika.

Mjadala ukarudi, ukazunguka, mwenyekiti akatazama saa. Alikuwa amefungua mdomo ili tupige kura, simu ikalia pale mezani. Ujumbe wa sauti. Mkuu akabonyeza bila kuusikiliza kwanza, na mpaka leo sijui alipata wapi ujasiri huo.

Kwanza ukasikika upepo, kisha mtu anahema, kisha sauti ya Mzee Ndahani ikipayuka salamu ya Kigogo kama watu wasiozoea simu wanavyopayuka.

"Mbukwenyi wote hapo bodini! Nasikia mmemkamata punda wangu. Nani kawapa ruhusa? Nimemlisha miaka minne, kwa maharage yangu, na yale mawe nilitia kwa makusudi, ili awe mzito asitoroke kurudi porini kwao! Kofia yangu ameiba, mwizi mkubwa, ukoo mzima wapagazi, hakuna hata mmoja aliyewahi kubeba mzigo wake mwenyewe! Na wewe mwenyekiti, siku ile nilikuona unacheka na keki mdomoni, leo unajifanya jaji?"

Mwenyekiti ndiye aliyeanza. Akakohoa, akajizuia, ikashindikana. Yule mjumbe wa mfano akainamisha kichwa mezani, mabega yanatikisika. Tukacheka wote kama watoto wa kidato cha kwanza, mpaka tukagundua mzee bado anaongea, na sauti imeshuka.

"Sikilizeni, walimu. Huku nyumbani watu wote ni Wagogo wenzangu. Wananiamkia. Asubuhi shikamoo, mchana shikamoo, jioni shikamoo. Wananiletea kiti. Hakuna mtu anayenitukana. Nimekuwa mzee ghafla." Upepo ukavuma kidogo. "Mwacheni mtoto afanye mtihani wake. Mkimfukuza huyo, mimi nitatukanwa na nani?"

Ikakatika. Mwenyekiti akavua miwani, akaifuta muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Halafu akaniambia niandike kwamba bodi haikuona kosa, na kwamba ujumbe huo atautuma yeye mwenyewe kwa kila aliyempigia simu.

Mkuu hakungoja niandike. Aliinuka akafungua mlango, akamwita Nyamizi ndani. Binti akaingia mikono nyuma, macho chini, akatuamkia. Mkuu akarudia ule ujumbe tangu mwanzo. Nilimtazama usoni. Kwenye matusi alibana midomo. Ilipofika "nimekuwa mzee ghafla", machozi yakamtoka, hakuyafuta.

Mkuu akamnyooshea simu. "Mjibu. Bonyeza hapa."

Bodi nzima tulikaa wima tukingoja neno la shukrani. Nyamizi akaishika ile simu kwa mikono miwili, akaisogeza mdomoni, akavuta kamasi.

"We Mgogo," akasema, "acha kelele. Nina mtihani Jumatatu."

Akamrudishia Mkuu simu yake, akatoka kwenda kusoma.